Tarumbeta Lililochelewa

Katika miaka yote niliyomjua yule fundi cherehani wa Kigoa, sikumbuki hata siku moja aliyofika mahali kwa wakati, wala sikumbuki siku aliyoomba radhi. Nguo za Idi alizileta asubuhi ya Idi yenyewe, watu wakishatoka kusali, naye akija nazo begani bila wasiwasi wowote, kana kwamba ni sala iliyowahi mno. Mwaka mmoja, nusu ya wanaume wa mtaa wetu walikwenda kupeana mkono wa Idi na kanzu zisizo vifungo. Walipomgombeza aliwapima tena mabega, akatikisa kichwa, akawaambia wamenenepa.

Alikozaliwa na wazee wake walikuwa nani siwezi kusema, maana kila nilipomuuliza alinijibu jengine. Ninachojua ni kwamba alipiga tarumbeta Bombay, katika bendi za jazi za mahoteli na katika studio za sinema, kisha akahamia Unguja akashona nguo, na mwaka wa sitini na nne, wateja wake tulipokimbilia Maskati, naye akatufuata. "Mie nnavyo vipimo vyenu nyote," alisema. "Nikibaki Unguja nimshonee nani?" Alikodi chumba cha chini katika nyumba ile ile tuliyopanga sisi juu, ndani ya ukuta wa mji. Waarabu wa mtaani walimwita Khayyat, yaani mshonaji, sisi tulimwita Fundi. Jina lake la kanisani alimtajia Mama mara moja tu, Mama akasema ni refu mno kwa mtu anayechelewa, basi likaishia hapo.

Mama alikuwa mjane, naye alishona kofia kwa mkono, zile za matundu madogo madogo ambazo moja humchukua mtu mwezi na zaidi. Yeye alitoboa na kudarizi, Fundi alitia bitana kwa cherehani, na mimi nilikuwa msichana wa miaka ishirini ninayepanda na kushuka ngazi kuulizia kofia ambayo ilikuwa iwe tayari juzi. Kazi ile ndiyo iliyowafanya wazoeane. Mchana Mama hukaa juu ya kiti chake kifupi nje ya mlango wa Fundi, buibui limemzunguka, sindano mkononi, na utani ukaanza pale ulipoachwa jana.

Siku zile mzinga wa ngomeni ukilia jioni milango ya mji hufungwa, na mtu anayetembea njiani sharti achukue fanusi. Kila mtu Maskati alijua hivyo, isipokuwa Fundi, ambaye alijua lakini hakuona kwamba linamhusu yeye. Akienda Matrah, mji wa jirani, kununua uzi hurudi mlango umeshafungwa, akalala nje pamoja na askari wa zamu. Asubuhi tulimwona akiingia ameburudika, futi yake ya kupimia shingoni, na vipimo vya askari wote kichwani. Nguo zao nazo zilichelewa. Mama aliwahi kumwambia mmoja wa wale askari kwamba wangemfungulia tu, ingekuwa afadhali kwao.

Tarumbeta lenyewe lilikaa ndani ya sanduku la bati, limefunikwa kwa vipande vya vitambaa. Kupiga ala hadharani bila ruhusa kulikuwa ni kujitafutia matata, na Fundi hakuwa mtu wa matata. Lakini kile kipande kidogo cha shaba cha mwanzoni, ambacho mpigaji hutia mdomoni, alikitoa akawa anatembea nacho mfukoni, pamoja na chaki ya kuchoria nguo. Kilikuwa cheupe kwa vumbi la chaki wakati wote. Akiwa anakanyaga cherehani hukitia mdomoni peke yake, bila tarumbeta, akapuliza. Sauti inayotoka hapo si muziki, ni mvumo mwembamba unaokera masikio.

"Fundi, nyuki wako wameamka," Mama alimwambia.

"Hawa si nyuki, Bibi. Hii jazi."

"Basi jazi yako imeingia nyumba mbovu. Ifungulie dirisha itoke."

Na bado Mama alimwimbia. Hakukubali kamwe kwamba alikuwa anamwimbia yeye, alidai anaimba ili sindano iende vizuri, lakini alipofika mwisho wa ubeti alinyamaza akimwachia nafasi, na Fundi kwa kile kipande chake hakuingia. Cherehani ilizunguka, kimya kikapita pumzi nzima, na Mama akawa ameshainua uso kumtazama, ndipo alipoingia.

"Unangoja nini, Fundi? Ruhusa?"

"Nnasikiliza kwanza, Bibi."

"Unasikiliza nini na mie nimeshanyamaza?"

"Hapo uliponyamaza ndipo."

Mazungumzo hayo niliyasikia karibu kila siku, na kila siku Mama aliyamalizia kwa kusonya.

Fundi alikuwa mtu wa kujipinga mwenyewe. Alikuwa Mkatoliki, na Kwaresima yake aliifunga kwa maneno matupu, maana nilishamkuta na sahani ya samaki na nyama pamoja, akaniambia yule samaki ndiye Kwaresima. Lakini Ramadhani hajapata hata siku moja kula wala kunywa maji mbele yetu, na mtu akipita mtaani na tende mdomoni mchana alimkemea kushinda shekhe. Alijidai hana habari na watoto, na chini ya meza yake hapakukosa mipira ya matambara aliyowashonea watoto wa nyumba nzima. Alisema nyimbo za sinema ni kelele za harusini, kisha redio ya duka la kahawa ikifunguliwa wimbo wa Kihindi, cherehani husimama papo hapo.

"Sikiliza," alinyanyua kidole. "Huyo Saksafoni. Sasa hivi anaingia Piano, huyo, huyo!"

Sisi tulikuwa tunamsikia mwimbaji tu. Mama akamwambia mwanamke yule ana sauti nzuri sana, na Fundi akakasirika kwa kweli.

"Bibi, wewe umekwenda harusini unamtazama bibi harusi. Waulize waliopika pilau!"

Hivyo ndivyo nilivyowajua wenzake, mmoja mmoja, kupitia redio ya watu wengine. Walikuwa wanne pamoja naye, wote Wagoa, na aliwaita kwa ala zao, ingawa majina yao ya kweli alinitajia mara moja. Saksafoni alikuwa mrefu, anaingia hotelini kwa mlango wa jikoni kama walivyoamrishwa wanamuziki wote, na kila usiku akigonga kichwa pale pale. Piano aliweza kuusikia wimbo mara moja akawaandikia wenzake sehemu zao zote kabla chai haijapoa, kisha jina linalotangazwa likawa la bwana mwengine, ambaye kazi yake ilikuwa kuupiga mluzi. Ngoma alikuwa mnene, mpole, na alilia haraka. Mabwana na mabibi walicheza kwa muziki wao hotelini, wakaoana kwa muziki wao, na walipokutana nao njiani asubuhi hawakuwajua. Fundi aliyasimulia haya akicheka. Lakini nilimtazama usoni, na nilijua kwamba yanamuuma.

Halafu kulikuwa na ile filamu. Hiyo ndiyo iliyomletea utani mwingi kuliko vifungo vyote.

Alisema kwamba Bombay alitokea kijana mmoja wa Kigoa aliyetaka kutengeneza filamu kwa Kikonkani, lugha ya kwao, yenye nyimbo mwanzo hadi mwisho, na habari yake iwe ni wao wenyewe, wapiga jazi wasiojulikana. Kijana yule alikaa na wale wanne jikoni kwa Ngoma, akala wali wao na akasikiliza visa vyao, cha kichwa cha Saksafoni na cha karatasi za Piano. Kisha wakaingia studio kupiga nyimbo. Katika picha angeonekana mchezaji sinema mzuri wa sura ameshika tarumbeta asilolijua, na nyuma ya pazia, kwenye kipaza sauti, amesimama Fundi. Kijana aliwaahidi kwamba safari hii majina yao yataandikwa, wote wanne, mwanzo kabisa wa filamu. Fundi akapanda meli kuja Unguja kabla filamu haijaisha kutengenezwa. Hakupata kuiona, na mtu yeyote tuliyemjua hakupata kuiona.

Basi ikawa ndiyo hiyo filamu ya Fundi. Mtu akichelewesha deni la maneno, akiahidi kitu asikilete, mtaa mzima ulisema kimekwenda filamu ya Fundi. Mama ndiye aliyekuwa bingwa. "Khabari za filamu?" alimuuliza kila asubuhi, mahali pa kumuuliza hali yake.

"Inakuja, Bibi."

"Inakuja kwa miguu?"

Siku moja tu hakujibu. Zilikuwa zimemfikia habari, kwa mdomo wa baharia wa Kigoa, kwamba Ngoma amekufa, na kwamba Saksafoni na Piano walimtangulia zamani. Amebaki yeye peke yake. Alikaa mbele ya cherehani bila kuikanyaga. Mama aliacha kofia yake, akaenda kumpikia chai mwenyewe, jambo ambalo sikupata kuliona kabla.

"Bibi," alisema Fundi, "mie sitaki kitu. Nimeshona, nimekula, nimepata majirani. Lakini nataka kujua kama majina yao yameandikwa. Nikikutana nao huko mbele wataniuliza, maana mie ndiye niliyewaambia yule kijana muaminifu. Nitawajibu nini?"

Mama alimwambia anywe chai. Tokea siku ile aliendelea kumuuliza habari za filamu, lakini aliuliza kwa sauti nyengine, na akawa anangojea jawabu.

Mwaka wa sabini, mambo yalipobadilika Maskati kwa kuingia sultani mpya, milango ya mji ikaacha kufungwa na watu wakaweka fanusi zao chini. Na mwisho wa mwaka ule akaja mpishi mmoja Mgoa wa kambi ya watu wa mafuta, mteja wa Fundi mwenye subira, akasema kwamba yeye na makarani wenzake wameagizia filamu kutoka Bombay kwa meli ya barua. Filamu ya Kikonkani, ya nyimbo. Alipotaja inahusu nini, Fundi alijidunga sindano.

Ilikuwa ndiyo hiyo. Kambi ilikuwa na umeme na mashine ya sinema, lakini pazia lao la kuonyeshea lilikuwa dogo na limetoboka, kwa hivyo mpishi akamtaka Fundi awashonee jipya, la kitambaa cha marekani nyeupe, na awahi. Siku mbili zilizobaki kabla ya kuonyeshwa, Fundi alishona kwa bidii ambayo mtaa haujapata kuiona. Mama alishuka akakaa naye, akimshikia nguo isiguse chini. "Leo," alimwambia, "ukichelewa leo nakuapia nitakuvisha mwenyewe hilo pazia."

Akachelewa. Alikuwa ameunga vipande vyote vizuri, mshono umenyooka, kisha akaona hauridhishi, akaufumua. Mpishi alipokuja na mkewe na gari ya kambi kutuchukua, baada ya magharibi, upindo wa chini wa pazia ulikuwa haujapindwa. Fundi akauchukua na sindano yake garini. Mama alimpa mgongo njia nzima, na kwake yeye hiyo ni hasira kubwa.

Kambini watu wamekaa kwenye viti na majamvi, Wagoa mbele, wengine nyuma, sisi pembeni na mke wa mpishi. Pazia likatundikwa baina ya nguzo mbili, na upepo wa baharini ukalipeperusha kwa chini, pale pasipo upindo. Watu wakaanza kupiga makofi ya kukosa subira. "Anzeni," Fundi alisema, "anzeni, nnamalizia hapa tu." Akazunguka nyuma ya pazia, akakaa kwenye sanduku, akaushika ule mwisho wa nguo magotini akaendelea kuupinda. Mwenye mashine akazima taa.

Ndipo nilipotambua amejifanyia nini. Marekani ile ilikuwa nyepesi na picha ilipenya upande wa pili, kwa hivyo Fundi aliiona filamu yake, lakini aliiona kinyumenyume. Maandishi yote kwake yalikuwa yamegeuka, na hayakai kiasi cha mtu kuyageuza. Alikuwa nyuma ya pazia tena.

Majina yakaanza kupita. Mimi herufi za Kizungu nilizisoma shule Unguja, na nilisoma kila kilichoandikwa. Likapita jina la mchezaji mzuri wa sura, na la msichana wake. Likapita la yule kijana mtengenezaji, kubwa. Likapita la mpiga picha, la mshonaji mavazi, la mwenye motokaa iliyoazimwa, la mwenye bustani. Muziki uliandikiwa jina moja, na halikuwa la Piano. Nilimjua Fundi kwa jina lake la kanisani tangu ile siku moja alipomtajia Mama, na nililitafuta mpaka mwisho, lake na ya wenzake, nisilione hata moja.

"Binti!" sauti ikatoka nyuma ya nguo. Haikuwa sauti ya mtu anayejali sana, aliitengeneza iwe hivyo. "Binti, tumo?"

Hakusema nimo, alisema tumo. Nikamgeukia Mama. Niliona uchungu kana kwamba wale watatu wamesimama pale wanaulizia.

"Mmo!" Mama alijibu kwa sauti iliyowageuza watu vichwa. "Mmo nyote!"

Filamu ikaendelea. Kikonkani sikukijua, lakini sikupotea hata kidogo: mtu mrefu aligonga kichwa mlangoni mwa jikoni, na Wagoa wakacheka, na mimi nikacheka kabla yao. Mtu mwenye miwani aliandika karatasi huku chai ikitoka moshi. Mnene alilia. Visa vyote vilikuwemo, kama vilivyosimuliwa mlangoni petu miaka sita. Mama alinifinya mkono kila alipokitambua kimoja.

Kisha ukaja wimbo wa hotelini. Yule mzuri wa sura alisimama katikati ya jukwaa na tarumbeta, vidole vimeshika mahali sipo. Piano ikapiga, ngoma ikaifuata, saksafoni ikashuka taratibu, wote wakafika mwisho wa ubeti wakanyamaza. Mchezaji akawa ameshatia tarumbeta mdomoni na mashavu ameyajaza, na hakuna kilichotoka. Pumzi nzima ikapita. Watu wakadhani mashine imeharibika.

"Unangoja nini, Fundi?" Mama akasema, kwa sauti yake ile ile ya mlangoni, bila kujua kwamba amesema.

Na tarumbeta likaingia. Sijui kuueleza muziki, na Fundi mwenyewe hakupata kuueleza. Najua tu kwamba miaka yote ile tulikuwa tumesikia mvumo wa kipande cha shaba chenye vumbi la chaki, na kumbe hii ndiyo ilikuwa sauti yake akipewa tarumbeta zima na watu wa kumsikiliza. Mpishi alisimama kwenye kiti akamwita kwa jina, na makarani wakapokea. Mama alikuwa analia, hata buibui hakujifunikia.

Taa zilipowashwa Fundi alitoka nyuma ya pazia, uzi umening'inia shingoni. Watu walimshika mkono, na mwenye mashine akamuomba radhi kwa lile kosa la katikati ya wimbo. Alipotufikia sisi alisimama mbele ya Mama.

"Bibi," alisema taratibu, "hata kopo la maziwa hunipa mie nikusomee. Herufi hizi huzijui."

"Sizijui."

"Sasa umetuona wapi?"

Mama alijifuta macho kwa ncha ya buibui.

"Nimekuona pale ulipochelewa," alisema. "Na wenzako nimewaona hapo hapo. Wote watatu wamenyamaza, wanakungoja."

"Wamengoja?"

"Wamengoja, Fundi. Hapana hata mmoja aliyekuacha."

Fundi akarudi nyuma, akakaa kwenye lile sanduku, akaweka mikono usoni. Uwanja ukaanza kuwa mtupu. Dereva wa kambi alipiga honi, akapiga tena, na mke wa mpishi akaja kutwambia kwamba tunachelewa.

"Mwambie angoje," Mama alisema. "Fundi atakuja."